Mwalimu Eunike na insha iliyopendezeshwa na simu

Saa tano na nusu asubuhi ukungu bado umekalia migomba nyuma ya darasa la saba, na Mwalimu Eunike Mmari amejifunika kanga kichwani mpaka machoni. Ameketi kwenye kiti cha mbao mbele ya ubao, mikono juu ya magoti. Hatikisiki. Leo yeye ni Mgeni.

"Mgeni hajui kitu," anawakumbusha wanafunzi kutoka ndani ya kanga. "Ametoka mbali. Hajawahi kuona mgomba. Nani anamweleza?"

Mikono inanyooshwa. Tito, mvulana mrefu wa dawati la mbele ambaye sweta lake limeisha viwiko, anasimama na kumweleza Mgeni kwa Kiingereza kwamba mgomba ni mnyama mpole, analala akiwa wima, na akikatwa kichwa watoto wake wanatokea pembeni.

Mgeni anauliza, kwa Kiingereza pia, kama mnyama huyo anauma.

Tito anafikiri. Anajibu kwamba hang'ati mwili, anang'ata shati. Damu yake ikikudondokea, shati halitakati tena mpaka unazikwa nalo.

Darasa linaangua kicheko, kwa sababu nusu ya mashati humo ndani yana madoa ya utomvu wa migomba. Mgeni mwenyewe anatikisika mabega ndani ya kanga.

Darasa hili lina wanafunzi sitini na mmoja. Sitini wanacheka. Safu ya nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, msichana wa miaka kumi na tatu amekunja mikono juu ya daftari lililofungwa. Akiulizwa swali anasimama, anasema "Sijui, Mwalimu," kwa adabu, kisha anakaa. Tangu Oktoba mwaka jana hajaandika insha hata moja, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili. Jina lake linahifadhiwa. Hapa ataitwa Zita.

Septemba darasa hili linafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Baada ya hapo Zita ataondoka, na Mwalimu Eunike hatakuwa na namna ya kumpata.

"Akiondoka hivi, nitakuwa nimemziba mdomo mtoto aliyekuwa na maneno kuliko mimi," anasema Eunike akiwa amevua kanga, jasho likimtiririka ingawa nje ni baridi. "Sitaki kusikia habari ya bahati mbaya. Mkono ulikuwa wangu."

Shule yenyewe iko juu ya Moshi, upande wa Kibosho, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka lami inapoishia. Mwalimu mkuu ameomba isitajwe. Ina madarasa nane, tangi moja la maji, na walimu tisa, wawili wao wakiwa wa kujitolea.

Eunike ni mmoja wa hao wawili. Ana miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Machame, na cheti chake cha ualimu kina miaka kumi na miwili sasa. Ameomba ajira ya serikali mara saba. Wazazi humchangia shilingi laki moja na thelathini kwa mwezi, kwa miezi wanayoweza. Anazibia pengo kwa kufuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono. Sweta la Tito alilifuma yeye, na kila akiliangalia anasema atalitia viraka wikiendi.

Alipofika hapa miaka sita iliyopita, Kiingereza cha watoto kilikuwa cha kuitikia.

"Nikisema 'good morning', darasa zima linajibu kama kanisani," anakumbuka. "Mchukue mmoja, mtoe nje, muulize jana amekula nini. Analia. Hana neno lake mwenyewe hata moja."

Mwaka juzi mdogo wake anayeishi Soweto, mjini Moshi, alibadilisha simu na kumpa ile ya zamani. Kioo kilikuwa kimepasuka kona, lakini ilikuwa simu janja. Ndani yake kulikuwa na programu ya akili mnemba, ile ambayo unaiandikia au unaisemesha nayo inakujibu kama mtu.

Wenzake wengi wanaoitumia huitaka iwatungie maswali ya mtihani. Eunike aliigeuza upande wa pili. Aliona kwamba mashine ile ina habari za dunia nzima, ila haijui chochote kuhusu nyumbani kwa bibi yako. Akaiambia ijifanye mgeni aliyepotea njia akatokea mlimani. Isifundishe. Isisahihishe. Iulize tu swali moja, isubiri, iulize jingine.

Watoto wakaibatiza jina: Mgeni.

Mtandao pale shuleni unapatikana sehemu moja tu, kwenye ukingo wa dirisha linalotazama tangi. Simu iliwekwa hapo, juu ya kitambaa, na watoto wakapanga foleni. Kila mmoja alikuwa na dakika mbili. Sharti lilikuwa moja: Mgeni hajui Kiswahili, kwa hiyo ukitaka akuelewe utajitafutia maneno.

Na watoto wa huku wakimpata mgeni hawampi ukweli wote. Wanampima kwanza. Mmoja alimwambia Mgeni kwamba theluji ya Kilimanjaro ni uji ambao mlima ulikataa kuumaliza ukiwa mdogo. Mwingine akamwambia ng'ombe wa masista hatoi maziwa mpaka asali. Mgeni akauliza anasali sala gani. Darasa zima likalala chini kwa kucheka, kisha likagombania kumtungia ng'ombe yule sala kwa Kiingereza.

"Nilikuwa nahangaika miaka yote kuwafanya waseme," anasema Eunike. "Kumbe walihitaji mtu wa kumdanganya."

Siku moja Tito alishika simu muda mrefu kuliko zamu yake, kisha akarudi akiwa amekunja uso. "Madam, huyu Mgeni anajua Kiswahili vizuri kabisa. Nimemsalimia shikamoo, ameitikia marahaba. Miezi yote hii anatusikiliza tunavyomsema!"

Mwalimu alibanwa. Akawaambia Mgeni amejifunza juzi. Hakuna aliyeamini, lakini hakuna aliyetaka mchezo uishe, kwa hiyo waliendelea kumsemesha Kiingereza.

Mtihani wa majaribio wa Kiingereza, ambao mwanzo walifaulu kumi na tisa, baada ya mihula miwili walifaulu thelathini na saba.

Zita hakuwa mchekeshaji. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni kwa kupenda kwake, ili asiwe na mtu wa kumharakisha. Akifika dirishani alimwinamia Mgeni na kumweleza mambo marefu, kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza kilichojaa makosa na picha ambazo Eunike anasema hajazikuta kwenye kitabu chochote alichofundishia.

Anaishi na bibi yake, Hilda, kwenye kihamba, shamba la ukoo la nusu ekari lenye kahawa iliyozeeka na migomba. Mama yake anaosha vyombo kwenye hoteli ya chakula pale Himo, na hupanda nyumbani mara moja kwa miezi miwili, akikaa usiku mmoja.

Septemba mwaka jana shirika moja la elimu lilitangaza mashindano ya insha ya Kiingereza kwa shule za msingi. Zita aliandika kurasa mbili na nusu.

Insha ilihusu mfongo, ule mfereji wa jadi unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba. Katika insha ile mfongo unabeba maneno. Bibi anainama asubuhi na kuyasemea maji, na maneno yanateremka mpaka kwa mama aliye bondeni, akifungua bomba anayasikia. Lakini maji ya mfongo yana zamu. Siku moja jirani wa juu anaiba zamu ya bibi, anageuza maji yaende kwake. Neno la bibi linakatika katikati. Mama kule bondeni anasikia "Mwanangu, je, ume..." halafu bomba linakoroma hewa. Anakaa na ndoo yake akisubiri neno lililobaki. Insha inaishia hapo, mama akiwa bado amekaa.

Eunike aliisoma mara mbili. Makosa ya sarufi aliyahesabu, yalikuwa arobaini na moja.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na halikwepi. Aliinakili insha yote kwenye simu, neno kwa neno, na chini yake akaandika agizo fupi kwa Kiingereza: sahihisha makosa, na uifanye iwe nzuri.

"Mimi niliona ni kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya kwenda kanisani," anasema. "Unamfuta pua, unamfunga vifungo. Ni mtoto yuleyule. Ndivyo nilivyojiambia."

Simu ilirudisha insha kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kumenya ndizi. Makosa arobaini na moja hayakuwepo. Mfongo ulikuwa umegeuka kijito cha fedha kinachometameta. Jirani mwizi wa zamu hakuwepo. Na mwishoni mama alilisikia neno lote, akaacha ndoo, akapanda mlima akikimbia, akamkumbatia binti yake, na hakuondoka tena.

Eunike aliposoma alitokwa na machozi. Anasema machozi yale ndiyo yaliyomharibu, kwa sababu mtu anayelia hasomi. Alichapisha ile nzuri mjini, akaituma. Zita hakuonyeshwa. Palikuwa na haraka, mwisho wa kupokea insha ulikuwa kesho yake.

Oktoba wakaitwa Moshi. Zita alikuwa miongoni mwa kumi bora. Alivaa viatu vya kuazima na sweta jipya ambalo mwalimu wake alilifuma kwa siku tatu. Mama yake aliomba ruhusa kazini akaja kutoka Himo, akaketi karibu na jukwaa. Eunike alikaa safu ya tatu. Ukumbi ulikuwa na watu kama mia mbili.

Mmoja wa waamuzi aliisoma insha kwa sauti, kisha akaitafsiri kwa Kiswahili ili wazazi waelewe. Watu walipiga makofi. Mama yake Zita hakupiga. Alikuwa amesikia kwamba mama amerudi nyumbani na hakuondoka tena, na basi lake la kurudi Himo lilikuwa saa kumi.

Zita aliitwa mbele ajibu maswali. Eunike anayakumbuka mazungumzo yale kama sala.

"Tueleze, binti," alisema mwamuzi. "Kwa nini uliamua mama arudi?"

"Hakurudi," alijibu Zita.

"Lakini hapa umeandika amerudi."

"Sikuandika hivyo. Alikaa na ndoo."

"Ndoo gani? Hapa hakuna ndoo."

"Ipo ndoo."

Waamuzi wakanong'onezana. Mmoja akamuuliza ni kitu gani kingine basi alichoandika ambacho hapa hakimo. Zita akasema jirani ameiba maji. Kuna watu walicheka. Mwamuzi aliyekuwa na kipaza sauti akasema, si kwa ukali, kwamba inasikitisha mtoto mdogo kuanza maisha kwa kuleta kazi ya mashine na kuiita yake, na kwamba insha imeondolewa. Akamwambia arudi akakae.

Zita hakurudi kukaa mara moja. Aligeuka, akaanza kutafuta uso kwenye viti. Alikuwa anamtafuta mwalimu wake.

"Aliniona," anasema Eunike. "Safu ya tatu si mbali. Alinitazama nami nikamtazama. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama niseme maneno manne tu: mimi ndiye niliyefanya hivyo. Nikaangalia kiganja changu. Nikawaza ajira. Nikawaza watasema mwalimu wa kujitolea ameiba mashindano. Mpaka nilipoinua macho, alishakaa."

Mama yake Zita aliondoka kabla ya soda kugawiwa.

Wiki mbili baadaye barua ilifika shuleni. Shule imefungiwa mashindano kwa miaka miwili, na inashauriwa kuondoa simu darasani. Mwalimu mkuu, Valerian, mtu wa miaka hamsini na saba anayekaribia kustaafu na asiyetaka makuu, alimwita Eunike ofisini.

"Simu isionekane tena," alimwambia. "Huyo mgeni wenu aende kwao."

Ndiyo maana leo Mgeni ni mwalimu mwenyewe ndani ya kanga. Watoto wanacheka, lakini Tito ameshamwambia ukweli: "Madam, wewe si Mgeni mzuri. Wewe majibu unayajua, tunakuona." Mtihani wa majaribio wa mwezi uliopita walifaulu ishirini na wanne.

Zita alirudi darasani Jumatatu ile ile baada ya mashindano. Mwanzoni alikuwa na hasira ya kuonekana. Mwalimu akiingia alichelewa kusimama. Akitajwa jina aligeukia dirisha. Siku moja alilichana zoezi lake mbele ya mwalimu, vipande vinne, akaviweka mfukoni. Eunike hakumwadhibu. Alikuwa na uzito kifuani na alitaka uondoke.

Desemba, shule zikiwa zimefungwa, alifanya alichofundishwa nyumbani. Alikwenda kwao Machame, akachuma jani la isale mpakani mwa kihamba cha baba yake, akalifunga fundo. Kwa Wachagga, mtu aliyekukosea akikujia na jani hilo amejishusha mpaka chini kabisa. Hulikatai. Ukilipokea, jambo limekwisha, na anayelifukua tena ndiye anayekuwa mkosaji.

Alipanda mpaka kwa Bibi Hilda na jani lile pamoja na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, mae. Mbona umeshika hicho?"

Eunike alipiga magoti kwenye vumbi la uani, akaeleza yote, kuanzia simu mpaka safu ya tatu. Bibi Hilda alimsikiliza akiwa anachambua maharage. Alipomaliza, bibi alifuta mikono kwenye kitenge, akalipokea jani, akalichomeka kwenye ukingo wa paa la jiko.

"Nyie Wamachame mna majivuno, lakini kuomba mnajua," alisema. "Basi. Yamekwisha. Humu ndani hakuna atakayeyataja."

Zita alikuwa nyuma ya banda akikatakata majani ya ng'ombe. Aliitwa, akaambiwa ampe mwalimu mkono. Akampa. Mkono ulikuwa na maji ya majani na ulikuwa baridi. Kisha akarudi bandani.

Eunike alishuka mteremko ule akiwa mwepesi. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miezi miwili.

Januari shule ilipofunguliwa, Zita alikuwa mtoto mwingine. Mwalimu akiingia, alikuwa wa kwanza kusimama. Alisalimia. Alifuta ubao bila kutumwa. Hakuchana tena karatasi wala hakugeukia dirisha. Na hakuandika kitu.

Ilimchukua mwalimu wiki kadhaa kuelewa. Alimwita pembeni ya tangi wakati wa mapumziko.

"Zita, umenisamehe?"

"Bibi amesema yamekwisha, Mwalimu."

"Nimekuuliza wewe."

"Bibi amesema yamekwisha."

"Una hasira na mimi?"

"Haturuhusiwi," alisema.

Eunike anasema siku ile ndipo alipoona alichofanya. Alikuwa amepeleka jani kwa mwenye boma, kama desturi inavyotaka, na mwenye boma alilipokea kwa niaba ya nyumba nzima. Yeye akapata usingizi. Lakini aliyekosewa hakuulizwa, na sasa hata kuwa na hasira kulikuwa ni kumkosea bibi yake.

"Ukumbini nilimnyang'anya insha," anasema. "Uani nikamnyang'anya hasira. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu nilikwenda nikiwa na nia nzuri na kilo mbili za sukari."

Bibi Hilda haoni tatizo. Akiulizwa, anaendelea kuchambua alichonacho mkononi. "Mtoto hapelekewi isale. Inakuja kwa mkubwa. Mkubwa akishapokea, mtoto anamtii. Tungekuwa tunamwuliza kila mtoto, ugomvi wa babu zetu ungekuwa haujaisha mpaka leo." Kisha anaongeza: "Ila ni kweli hasemi. Zamani alikuwa anaongea na ng'ombe. Siku hizi hata ng'ombe anapewa majani kimyakimya."

Wiki tatu zilizopita Eunike aliamua kuandika barua kwa waandaaji wa mashindano. Alishakwenda ofisini kwao mara mbili kueleza kwa mdomo. Mara zote aliambiwa suala limefungwa na kama ana la kusema alilete kwa maandishi, na jina na sahihi.

Mwalimu Valerian alijaribu kumzuia.

"Mwalimu, neno la mdomo hupotea. Hili litakaa kwenye faili," alimwambia. "Mwaka huu nimekupendekeza kwenye orodha ya ajira. Wakiuliza habari zako, barua hii ndiyo watakayoonyeshwa. Miaka kumi na miwili unasubiri. Kwa insha ya mtoto?"

"Ndiyo, Mwalimu mkuu."

"Mtoto mwenyewe ameshasahau."

"Hajasahau. Amekatazwa kukumbuka."

Valerian hajifichi. "Mimi nina miaka mitatu nistaafu. Ningekuwa na umri wake, ningeandika barua hiyo? Nisingeandika."

Barua ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kulala. Inasema insha iliyosomwa ukumbini ilibadilishwa na mwalimu kwa kutumia akili mnemba bila mwanafunzi kujua. Inasema mwanafunzi alisema kweli alipoulizwa. Inaomba jina lake lisafishwe kwa maandishi, na insha yake ya asili, ambayo imeambatanishwa na makosa yake yote arobaini na moja, isomwe mbele ya watu katika mashindano ya mwaka huu, hata kama haitashindanishwa.

Kabla ya kuifunga, Eunike alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa ile insha. Alimwonyesha mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho. Wengine walishatoka, na sauti zao zilikuwa zinateremka njiani. Aliiweka barua juu ya dawati la nyuma. Akamwambia Zita kwamba anajua bibi amekataza, na kwamba kwa kulifukua jambo hili yeye, mwalimu, ndiye anayekuwa mkosaji upya, na amekubali kuwa. Zita asome. Akitaka aseme kitu, akitaka asiseme.

Zita alisoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena.

"Haijaisha," alisema.

"Imebaki nini?"

"Hujaandika kwamba ulikuwepo."

Eunike alikaa kwenye dawati la jirani. Alichukua kalamu. Aliandika, chini ya sahihi yake, kwamba yeye alikuwepo ukumbini siku ile, safu ya tatu, kwamba mwanafunzi alimtazama akiomba msaada, naye hakusimama. Akatia sahihi ya pili. Zita akayasoma maneno hayo pia, akaisukuma barua irudi kwa mwalimu.

Hakuna kilichobadilika sana tangu siku hiyo. Zita bado hajaandika. Lakini juzi, alipopewa dasta afute ubao, alichelewa kidogo kusimama, kama wakati ule wa hasira. Mwalimu aliliona hilo, na anasema ndiyo habari njema pekee aliyoipata mwaka huu.

Waandaaji hawajaahidi kitu. Hata ofisi yao hufunguliwa Jumamosi mpaka saa sita tu, na wakati mwingine haifunguliwi. Eunike anajua wanaweza kuipokea barua, wakaiweka kwenye faili, wakaitumia dhidi yake na wasimsafishe mtoto. Amelipigia hesabu hilo pia. Amenunua uzi wa masweta ya darasa la nne na la tano, kwa sababu huenda Januari hatakuwa na darasa.

"Sitegemei aandike kabla ya Septemba," anasema. "Ningependa, lakini sidai. Nataka waliomsikia akiitwa mwongo wasikie kwamba hakuwa mwongo. Mama yake awepo. Na neno lile likatike palepale alipolikata yeye, asitokee mtu wa kulimalizia."

Jumamosi hii anashuka Moshi na bahasha yake. Alimwomba Zita waende pamoja, ili wenye ofisi wamwone mtoto kwa macho. Akamwambia atamlipia nauli, na kwamba mara hii atakuwa naye bega kwa bega mbele ya meza ile.

Zita alikuwa ameshabeba mkoba wake. Aligeuka mlangoni.

"Nenda wewe, Mwalimu," alisema. "Mimi nilishasimama."